Maji ya Wageni

Wiki iliyopita nilikwenda kumzika Mama Kabula. Nasema kumzika, ingawa nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika tangu jana yake, maana habari ya msiba ilinikuta nyumbani Kambarage, Shinyanga mjini, nikiwa na mguu uliovimba, na wa kunisindikiza hakupatikana mapema. Nilikaa mkekani na kina mama wengine, nikalia kidogo, nikawasikiliza wakipanga nani apike na nani akatafute kuni. Kabla sijapumua vizuri, msichana mmoja wa nyumba ile akaja, akapiga magoti mbele yangu, akaninyooshea kikombe cha maji kwa mikono miwili. Nikakipokea. Nikakishika tu. Mama aliyekaa kando yangu alidhani ni majonzi, akaniambia polepole, "Kunywa, Mwalimu, jua ni kali." Hakujua kwamba kikombe cha maji katika nyumba ile kimenikaa kooni tangu nikiwa binti wa miaka ishirini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, serikali ilipotaka kila mtu mzima nchini ajue kusoma na kuandika. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, Msumbwa wa Ushirombo niliyejidai kukijua Kisukuma mpaka nilipofungua mdomo nikachekwa na watoto. Walinipangia kijiji kimoja cha kando ya reli, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini. Kina jina lake zuri, lakini watu wote walikiita Stesheni. Asubuhi nilifundisha watoto darasani, saa kumi nilifundisha mama zao katika darasa lile lile, wakikaa kwenye madawati ya watoto huku magoti yamewafika kidevuni. Nilipewa chumba kwa Mama Kabula, mjane mwenye binti mmoja wa darasa la pili. Chumba changu kilikuwa na dirisha la ukubwa wa daftari na kitanda cha kamba, na ukuta wake haukufika juu, kwa hiyo yote yaliyosemwa upande wa pili niliyasikia. Jioni nilimsikia Mama Kabula akifanya mazoezi niliyowapa, "ma, me, mi," na Kabula akimsahihisha kwa ukali kuliko mimi: "Siyo hivyo, mayu, umeruka herufi!" Kisha wote wawili wanacheka. Katika maisha yangu sijapanga chumba kingine nilichokipenda kama kile.

Juu kidogo ya nyumba, upande wa reli, kulikuwa na ghala la mafuta la kampuni kutoka nje. Matenki matatu meupe, uzio wa waya, na mlinzi aliyevaa koti hata wakati wa joto. Mabehewa yalileta dizeli na mafuta ya taa kutoka Dar es Salaam, malori yakayachukua kwenda magharibi, Kharumwa hadi Geita, kwenye mashine za kuchambulia pamba na kwenye machimbo. Jina la kampuni silitaji. Limebadilika mara kadhaa tangu wakati ule, na kila aliyeinunua kampuni alisema makosa ni ya aliyemtangulia, kwa hiyo hata ningelitaja asingepatikana wa kuitika. Chini ya ghala, hatua kama mia mbili hivi, kilikuwapo kisima alichokichimba marehemu mume wa Mama Kabula kwa mikono yake. Kaya zote za upande ule zilichota hapo.

Siku yangu ya kwanza Mama Kabula alinipikia ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akayaunga kwa karanga. Nilipotia tonge mdomoni nikasikia harufu ya mafuta ya taa. Nikadhani koroboi imemwagika jikoni, nikanyamaza kwa adabu. Asubuhi uji ukanuka vile vile. Chai ikanuka. Nilipokwenda kisimani nikaona juu ya maji utando unaong'aa rangi rangi, mzuri kuutazama kama si kuujua. Mama Kabula aliniona nimesimama pale na ndoo mkononi. "Utazoea, Mwalimu," akasema. "Sisi ni mwaka wa pili huu." Kisha akanionyesha ndama wake wawili waliofungwa kivulini. Ng'ombe walikuwa wamekataa kabisa maji ya kisima kile, wachungaji wakawa wanawapeleka mbali mtoni. Ng'ombe walikataa, watu wakaendelea kunywa. Hilo liliniudhi tangu siku ile, na linaniudhi hata sasa ninapoliandika.

Kina mama walikuwa wamekwisha kwenda kwenye geti la ghala mara nyingi. Mlinzi aliwajibu kwamba kampuni haisikilizi maneno ya mdomo, waandike. Nadhani alisema hivyo akijua hakuna aliyejua kuandika. Sasa darasani kwangu somo la barua lilipofika, niliwaambia kila mmoja achague mtu anayetaka amjibu. Wengine walichagua kaka walioko Mwanza, mmoja akamchagua mkwe wake ili amgombeze. Mama Kabula akanyoosha mkono. "Hata kampuni inaweza kuandikiwa?" Nikasema inaweza. Darasa zima likaacha kaka na wakwe, tukaandika barua moja kwa wiki tatu, kila sentensi ikijadiliwa kama mahari. Bado naikumbuka yote. "Kwa Bwana Meneja. Sisi kina mama wa Stesheni tunakusalimu. Mafuta yako yanaingia kisimani kwetu. Ng'ombe hawanywi. Sisi tunakunywa. Watoto wanaumwa matumbo. Njoo uone." Chini yake kila mmoja aliandika jina lake mwenyewe, wengine kwa kurudia mara mbili kwa sababu la kwanza lilipinda. Mzee Luhende, katibu wa tawi la chama, akapiga muhuri, nami nikaipeleka posta mjini kwa baiskeli nikiimba njia nzima.

Wakajibu. Walisema watatuma wakaguzi kuja kuangalia na kuchukua maji ya kupima. Siku barua ile iliposomwa, kina mama walipiga vigelegele mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini. Nami nilijiona nimekuwa mtu. Ndiyo maana nayaandika haya yafuatayo polepole, kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe, kwa furaha yetu, tulipojimaliza.

Wageni walikuwa wanakuja. Katika nchi ile kavu, mgeni akifika hakuulizwa jambo kabla hajapewa maji, na nyumba iliyompa mgeni maji mabaya ilisemwa mpaka kwa wajukuu. Siku tatu kabla, kina mama walianza kazi. Walifagia njia kutoka barabarani. Walisiriba kuta upya kwa udongo mweupe. Walikwenda kisimani wakakomba maji ya juu ndoo baada ya ndoo, wakafuta kingo kwa matambara, kama mtu anavyosugua sufuria kabla ya wageni, na hakuna aliyeona ubaya, hata mimi. Mama Kabula alikuwa na hofu moja tu. "Mwalimu, mtu atoke Dar es Salaam, mwingine atoke Ulaya, nimpe maji yanayonuka? Watu watanionaje?" Basi asubuhi ya siku yenyewe tulikwenda mtoni, mwendo wa saa moja na nusu. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Tulichimba kwa mikono mpaka kiunoni, tukasubiri maji yajikusanye taratibu, tukayachota kwa kata. Mimi mwenyewe nilibeba debe moja kichwani. Tuliyamimina katika mtungi wa Mama Kabula pale mlangoni, nikachungulia, nikaona yalivyo meupe, nikafurahi. Nilisoma chuo miaka miwili na halikunijia.

Walifika saa tano kwa Landrova. Meneja alikuwa Mzungu mrefu aliyebabuka pua, akasema "Jambo" kwa kila aliyemwona, na nusura awasalimie mbuzi. Aliyekuwa na kazi hasa ni Mtanzania mwenzetu, Bwana Afisa, shati jeupe na mkoba wa ngozi, na Kiswahili laini cha pwani kilichowafanya kina mama wajifunike midomo kwa khanga. Alikuwa mpole. Ningependa niseme alikuwa na majivuno, ingenisaidia, lakini alikuwa mpole, aliwaamkia wazee wote shikamoo. Mzee Luhende akahutubia kuhusu kujitegemea mpaka jua likapanda utosini. Wageni walikuwa wanatokwa jasho kwenye viti tulivyoazima shuleni. Mama Kabula akaja na kikombe cha bati, akapiga magoti. Mzungu akanywa, akaomba tena. Bwana Afisa akanywa, akafuta mdomo.

"Maji matamu haya, mama. Haya ndiyo mnayokunywa?"

Mama Kabula alikuwa bado chini. Namwona mpaka leo, shingo imeinama, mikono miwili chini ya kikombe kitupu.

"Ndiyo, baba. Karibu tena."

Msimlaumu. Angesemaje? Kumwambia mgeni mbele ya watu kwamba maji haya ni yako tu, sisi wenyewe hatuna, ni kumsuta kwa kile alichokwisha kumeza. Kama yule bwana angeuliza maji yale yametoka wapi, angejibiwa mara moja, mtoni, na isingekuwa aibu kwa yeyote. Hakuuliza yametoka wapi. Mpaka leo sijui kama hakujua kuuliza au alijua vizuri sana. Alifungua mkoba, akatoa chupa mbili zenye karatasi nyeupe ubavuni, akanigeukia mimi. "Mwalimu, nisaidie kujaza." Akaonyesha mtungi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kata ilikuwa mkononi mwangu na mkono ukagoma. Nikamtazama Mama Kabula, akatazama chini. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa taabu, "Kisima kiko kule nyuma."

"Tutakiona," akasema kwa upole wake ule ule. "Wewe jaza tu."

Nikajaza. Nilikuwa na miaka ishirini, na mtu mzima mwenye mkoba amesema jaza, na mwenyeji wangu amepiga magoti pale, na kusema zaidi ni kumuumbua mbele ya kijiji kizima. Hizo ni sababu. Nimezigeuza kila upande miaka yote hii na hakuna hata moja iliyosimama. Kisimani walikwenda, hilo walilifanya, wakasimama ukingoni tuliousugua wenyewe, wakachungulia ndani, hawakuomba kuchotewa. Mzungu akawapiga kina mama picha wakiwa wamejipanga wanacheka. Walipokuwa wanaingia garini nilimsikia Bwana Afisa akimwambia dereva, "Twende zetu. Nilidhani tutapata taabu hapa."

Majibu yalifika kiangazi kikiwa kimekomaa. Niliyafungua darasani kwa sababu walikuwa wananisubiri, nikayapitia kwa macho, nikataka kusema sijisikii vizuri. Mama Kabula akainuka kwenye dawati lake. "Nipe nisome mimi." Ilikuwa barua ya kwanza katika maisha yake kuisoma mwenyewe. Akaanza, kidole kikifuata kila neno: "Wa-ka-gu-zi we-tu wa-li-ku-nywa ma-ji ha-yo." Darasani kwetu ilikuwa desturi mtu akimaliza sentensi wenzake wampigie makofi, basi wakampigia. Akaendelea. "Ma-ji ya-me-pi-mwa. Ma-ji ni sa-fi." Makofi yakaanza tena, machache, yakakatika njiani. Alisoma mpaka mwisho, mpaka jina la aliyetia sahihi, kisha akaikunja vizuri na kunirudishia. Hakuwa na hasira. "Wameandika kweli, Mwalimu," akasema. "Maji waliyokunywa wao yalikuwa mazuri."

Nilitaka kuandika barua nyingine siku ile ile, kueleza. Mzee Luhende akanikatalia muhuri. "Unataka uandike kwamba kijiji kiliwadanganya wageni?" Nikamwambia hatukudanganya mtu. Akaniuliza, "Tulifanya nini basi?" Niliandika hata hivyo, bila muhuri, kwa jina langu peke yangu.

Mto ulikuwa umekauka kabisa. Hata ukichimba kimo cha mtu hupati kitu, na wachungaji walikuwa wamehama na ng'ombe. Kikabaki kisima. Tulichemsha, tukachuja kwa kitambaa, tukaacha jua liyapige, na bado yalinuka. Watu wazima tulivumilia kwa kunywa kidogo. Mtoto ukimwambia anywe kidogo, anakungoja ugeuke. Kabula alianza na vidonda mdomoni, kisha tumbo, kisha akaacha kumsahihisha mama yake. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Mama Kabula akisoma "ma, me, mi" peke yake, akikosea makusudi ili binti amcheke, na hakuna aliyecheka.

Tulimpeleka kwa baiskeli hospitali ya misheni Kolandoto, mimi nikisukuma, mama akimshika kwa nyuma. Daktari alikuwa mzee, alimshughulikia vizuri, sina la kumlalamikia. Akauliza mtoto anakunywa nini. Nikasema maji yenye mafuta. "Kuna aliyeyapima?" Barua ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nilikuwa natembea nayo kila mahali kama mgonjwa na cheti chake, nikaitoa bila kufikiri. Aliisoma yote, akavua miwani. "Hapa wanasema ni safi." Nikamwambia si kweli, nikaanza kumweleza habari za mtungi na mto, maneno yakagongana. Akanisubiri nimalize. "Basi niletee maji yenyewe, Mwalimu," akasema. "Kwenye chupa."

Nilirudi Stesheni peke yangu, nikachota kisimani, safari hii bila kukomba chochote, nikaifunga chupa kwa kitambaa na kuiweka kifuani ndani ya nguo. Kesho yake mchana nilipofika hospitali, Mama Kabula alikuwa amekaa nje chini ya ukuta, khanga moja amejifunga, nyingine ameikunja mapajani, na mikono yake haikuwa na kazi. Sikuhitaji kuuliza. Nilikaa kando yake. Baadaye akaona chupa. Akaichukua kwangu, akaifungua, akainusa, akaimwaga yote kwenye mchanga. "Asije mtoto wa mtu akaikuta hapa akanywa," akasema. Nililia kuliko yeye. Ninaona aibu kwa hilo pia.

Kampuni ilinijibu baada ya mazishi. Walisema wamesikitishwa kusikia kutoka kwangu mwenyewe kwamba wakaguzi wao walipewa maji yasiyo ya kisima, kwamba huo ni udanganyifu, na kwa sababu hiyo hawatatuma mtu mwingine. Barua yangu yote ya kukiri waliichukua wakaifanya silaha yao. Mwaka ulipoisha nikahamishwa. Mama Kabula alibaki, maana mumewe na binti yake walikuwa wamelala pale. Asubuhi ya kuondoka kwangu alinipa kibuyu cha maji ya safari, ya mtoni, mvua zikiwa zimeanza. Hakuwahi kunilaumu, si siku ile wala mara zote nilizorudi kumsalimia miaka iliyofuata, na kila mara nilipofika alinipa maji meupe, nikanywa, nikashukuru, tukazungumza mambo mengine. Mimi niliyejua kuliko mtu yeyote duniani nini cha kuuliza, sikuuliza. Niliona ni heshima.

Hayo yote yalipita kichwani mwangu wiki iliyopita, kikombe mkononi. Matenki yaling'olewa zamani, yamebaki maduara ya saruji ambayo watu wanaanikia mtama. Bomba la serikali limefika kijijini na koki yake imejengewa vizuri, ila nilipopita niliona buibui amejenga mdomoni mwake. Msichana alikuwa bado amepiga magoti, anasubiri nimalize ampelekee mwingine. Maji yalikuwa meupe, yakionyesha chini ya kikombe.

"Mjukuu wangu," nikamwuliza, "haya mmeyatoa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Mtoni, bibi. Tulikwenda asubuhi."

"Na ninyi mnakunywa yapi?"

Akamtazama yule mama wa kando yangu, naye akakohoa, akatengeneza khanga yake begani. "Kunywa tu, Mwalimu," akaniambia. "Hayo ni mazuri."

Nikakiweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

"Nenda ukaniletee yale mnayokunywa ninyi," nikamwambia yule msichana. "Uyatie kwenye chupa, uifunge vizuri."